Peso 64 na Sufuria ya Choroko

Mwezi Agosti 2024, maseneta wa Ufilipino walipokuwa wakipitia bajeti ya serikali, mkuu wa mipango ya uchumi wa nchi hiyo, Arsenio Balisacan, aliwaambia kwamba mtu anayetumia peso 64 kwa siku kwa milo yake yote mitatu hahesabiwi kuwa fukara wa chakula. Ukigawanya, ni peso 21 na ushei kwa kila mlo. Kwa siku nzima ni dola moja ya Marekani na senti chache. Nchi ilichemka. Balisacan mwenyewe akakiri kwamba kipimo hicho kinahitaji kutazamwa upya.

Wengi walicheka. Mimi nilichukua kalamu. Tuseme nyumba ina watu kumi: bibi na babu, baba na mama, watoto watano, na shangazi ambaye bado anatafuta kazi. Sensa ya 2020 inasema kaya ya wastani ya Kifilipino ina watu wanne na kidogo, lakini wastani haufuti nyumba kubwa, na katika mitaa ya makabwela wa Manila si ajabu vizazi vitatu kulala chini ya bati moja. Watu kumi mara peso 64 ni 640. Kima cha chini cha mshahara wa kutwa katika eneo la Manila, kilichopandishwa Julai mwaka huohuo, kilikuwa peso 645. Mfanyakazi mmoja akiilisha nyumba hiyo kwa kipimo cha serikali, anabaki na peso 5. Nauli ya chini ya jeepney, yaani daladala ya kule, ilikuwa 13. Kesho yake aende kazini kwa miguu.

Lakini tuiweke nauli kando. Kinachonisumbua ni kwamba, kwa upande wa chakula peke yake, peso 640 kwa watu kumi zinapikika. Zinapikika kwa taabu, zinapikika kwa mboga, na zinapikika kwa sababu jikoni yumo mtu anayeijua kazi yake. Watakwimu wameuchukua ujuzi wa mtu huyo wakauandika kuwa bei ya chakula.

Basi tuingie jikoni.

Siku ya Ijumaa, karibu kila mgahawa wa mtaani nchini humo hupika choroko. Desturi hiyo imetoka kwenye Ukatoliki, kwa kuwa Ijumaa, hasa ya Kwaresima, watu hawali nyama. Imani ya wengine imepoa, ila choroko zimebaki. Nusu kilo ya choroko kavu inawatosha watu kumi wakiwa na wali. Zinachemshwa hadi zipasuke na kuanza kuachia uji wake. Pembeni, kwenye kikaango, kitunguu saumu kinatangulia, tena kingi, mpaka kiwe rangi ya dhahabu; ndipo kitunguu maji, kisha nyanya, ambazo huachwa zilainike kabisa na kupoteza umbo. Hapo anaingia samaki mmoja au wawili wa kukaushwa kwa moshi, aliyechambuliwa miiba na kuvunjwavunjwa, au kipande kidogo cha nguruwe. Choroko zinamiminwa juu yake, wanatia matone ya maji ya samaki waliochachushwa, na dakika ya mwisho kabisa, moto ukiwa unazimwa, majani ya mlonge kiganja hiki na kiganja hiki. Funika. Majani yanaiva kwa joto la sufuria.

Msomaji wa Pwani atasema choroko anazijua, na kweli anazijua. Tofauti iko kwenye uzito. Za kwetu huungwa kwa nazi mpaka zishikane. Za Manila huachwa ziwe na mchuzi mwepesi, maana kazi yake ni kuushusha wali. Mfilipino hupanga mlo kuanzia kwenye wali, na kitoweo ni kile kinachoufanya wali ulike. Kwa hiyo swali la mpishi wa nyumba kubwa halihusu wingi wa mboga, linahusu idadi ya sahani za wali ambazo mboga hiyo itazisindikiza. Ndiyo maana chumvi, uchachu na harufu ya samaki vina kazi kubwa kuliko nyama. Nyama yenyewe imepewa cheo cha kiungo: robo kilo kwa sufuria nzima, ikikatwa vipande vidogo kiasi kwamba kila mtu anakutana navyo na hakuna anayeshiba kwavyo. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia nchini humo mwaka 2019 na bei ya nguruwe ikaruka, nyumba nyingi zilikipunguza hata hicho kipande, na sufuria ikaendelea kuchemka.

Kiungo kinachoibeba kazi yote hiyo ni bagoong. Ni samaki wadogo au uduvi, waliofukiwa kwenye chumvi wakaachwa kuchachuka kwa wiki au miezi mpaka wawe rojo. Harufu yake mbichi inaweza kumtoa mgeni jikoni. Ukiikaanga kidogo au kuichemsha na mboga, inageuka kuwa kitu kingine, utamu mzito wa chumvichumvi ambao hata mchuzi wa nyama hauufikii kila mara. Vijiko vitatu vinatosha sufuria ya watu kumi. Nyumba isiyo na senti ya nyama haikosi chupa ya bagoong, na chupa hiyo haihitaji friji.

Chakula kinachoionyesha bagoong vizuri zaidi ni pinakbet, cha watu wa Ilocos, kaskazini mwa kisiwa cha Luzon. Ilocos ni ukanda mwembamba uliobanwa kati ya milima na bahari, wenye kiangazi kirefu, na watu wake wanataniwa nchi nzima kwa ubahili. Hapo utakuta karela ndogo chungu, biringanya, bamia, maharage marefu wanayoyaita sitaw, nyanya na tangawizi, pamoja na bagoong ya samaki na maji kidogo sana. Sufuria inafunikwa, na mwiko hauingii. Mpishi anashika masikio ya sufuria na kuirusharusha, mboga zijigeuze zenyewe bila kupondeka, zikipikwa kwa maji yaliyotoka ndani yake. Zinakuwa tayari zikishanyauka.

Huko Manila wanatia boga, na bagoong wanayotumia ni ya uduvi. Watu wa Ilocos wakisikia hivyo wanakunja uso. Kwa ladha nawaunga mkono. Pinakbet yao ina uchungu safi ambao boga linaufunika. Lakini kwa nyumba ya watu kumi nakwenda na Manila bila kusita. Boga ni rahisi, ni zito tumboni, linaufanya mchuzi uwe mzito, na utamu wake unawadanganya watoto wale karela.

Kuna jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kulijua kuhusu sufuria hiyo. Bamia asili yake inatajwa kuwa Afrika. Sitaw, maharage yale marefu kama kamba, ni mtoto wa kunde. Kunde zilifugwa shambani kwanza katika bara letu, zikavuka hadi Asia, na huko wakulima wakazichagua kizazi baada ya kizazi kwa urefu wa maganda. Nyanya na boga zilitoka Amerika, katika enzi ya majahazi makubwa ya Wahispania yaliyosafiri kati ya Acapulco na Manila kuanzia 1565 hadi 1815. Hakuna mboga ya kizalendo hapo ya kujivunia sana. Mtu alipokea kilichofika, akakitia bagoong.

Na kuna undugu mwingine wa karibu zaidi. Saluyot, jani la utelezi ambalo watu wa Ilocos hulipika kwenye mchuzi mwepesi na mabaki ya samaki wa kuchoma wa jana, ni mmea uleule ambao magharibi mwa Kenya wanauita mrenda, na ni mmojawapo wa ile tuiitayo mlenda Tanzania. Matembele nayo wanakula, ya kuchemsha kidogo na kukamuliwa ndimu. Kuhusu mlonge, hapo wametuacha mbali. Kwetu unauzwa kama unga wa dawa, kwenye kichupa chenye orodha ya magonjwa kuanzia kisukari hadi nguvu za kiume. Kwao ni mti wa uani ambao jirani anakatiwa tawi bila kulipa, na mama aliyejifungua anapikiwa supu ya kuku na majani yake ili maziwa yatoke. Kitu kikishakuwa dawa bei hupanda na watu huacha kukila. Sijui nani alituambia mlonge ni wa kichupa.

Bicol, kusini mwa Luzon, ni nchi ya minazi na pilipili, na huko mtu wa Tanga au Lamu angejiona nyumbani. Nazi hukunwa kwa kigoda chenye ulimi wa chuma mwishoni, mbuzi wetu huyuhuyu, na tui hukamuliwa mara mbili, zito na jepesi. Chakula chao maarufu ni laing, majani ya magimbi yaliyokaushwa juani na kupikwa kwenye tui na pilipili, bila kukorogwa mpaka yalainike kabisa, kwani wapishi husema ukiyakoroga mapema yatawasha koo. Ni kitamu mno. Ila nisimdanganye mtu: kwa nyumba kubwa mjini, mbali na minazi, laing si chakula cha kubana matumizi. Nazi kadhaa kwa sufuria moja ni fedha. Boga na sitaw kwa tui la nazi moja, jepesi, vitafanya kazi hiyo kwa unafuu.

Hadi hapa nimesifu. Sasa niseme gharama zinakojificha.

Anayepika kwa bajeti ndogo hanunui kwa bei ya jumla. Sokoni mboga hupangwa mafungu, na mama wa nyumba ya watu kumi mwenye fedha ya leo tu hununua fungu la leo tu. Dukani uani, mafuta ni ya kupima, siki ni ya pakiti ndogo, kitunguu saumu ni cha kichwa kimoja. Wakenya wanaouita uchumi huo kadogo wanajua mwisho wake: maskini analipa zaidi kwa kila kijiko kuliko tajiri anayebeba galoni. Wauzaji wa Kifilipino wamebuni hata fungu la pinakbet, mboga zote zikiwa zimeshakatwakatwa na kufungwa kwenye mfuko mmoja, kiasi cha mlo mmoja. Ni ubunifu mzuri kwa anayetoka kazini saa moja usiku. Kwa watu kumi unahitaji mifuko mitatu, na hapo unafuu wote unayeyuka. Njia nyingine ni kwenda masoko makubwa, kama Divisoria mjini Manila au Balintawak huko Quezon City, ambako mboga ni rahisi kweli, ila nauli na usingizi ni vya kwako.

Halafu kuna siku ambazo ujuzi wote unagonga mwamba. Mwishoni mwa 2022 na Januari 2023, kilo ya vitunguu mjini Manila ilivuka peso 600. Mshahara wa kima cha chini wakati huo ulikuwa 570. Kwa maneno mengine, kibarua alifanya kazi kutwa nzima na bado hakufikisha kilo ya kitunguu. Nyama ilikuwa rahisi kuliko kiungo chake. Wahudumu wa ndege kutoka Mashariki ya Kati walikamatwa uwanjani na vitunguu kwenye mizigo. Serikali ikaruhusu zaidi ya tani 20,000 ziingizwe kutoka nje, wakati mavuno ya ndani yakikaribia, na wakulima wa Bongabon, mji wa Nueva Ecija unaosifika kwa vitunguu, wakalia kwamba bei yao itaangushwa. Kila mlo niliouelezea hapo juu unaanza na kitunguu kwenye kikaango. Wapishi waliongeza kitunguu saumu, wengine wakaongeza nyanya, wakapita. Halafu katika vitabu vya takwimu, kule kupita kwao kunasomeka kwamba walimudu.

Mwezi Machi 2024 bei ya mchele nayo ilikuwa imepanda kwa asilimia 24.4 ukilinganisha na mwaka uliotangulia, kasi kubwa kuliko zote katika miaka 15. Rais Ferdinand Marcos Mdogo alikuwa ameahidi katika kampeni za 2022 kwamba kilo itashuka hadi peso 20, na mpango wa kuuza mchele wa bei hiyo ulianza mwaka 2025 katika visiwa vya Visayas, kwa ruzuku na kwa makundi maalumu. Kwa nyumba ya watu kumi inayopika kilo tatu na zaidi kila siku, mchele wa peso 20 ni neema kubwa kuliko mapishi yoyote ninayoweza kuyaandika hapa. Nasema hivyo bila kumpigia debe mtu.

Gharama nyingine haipo hata sokoni. Majani ya mlonge ni madogo kama kucha, na lazima yachambuliwe moja moja kutoka kwenye vijiti vyake, kwani vijiti havitafuniki. Tawi la kutosha watu kumi linachukua muda mrefu wa mikono miwili. Karela inatolewa mbegu na kusuguliwa chumvi, uduvi unakaangwa, samaki anachambuliwa miiba kwa ajili ya watoto, choroko zinachemka karibu saa nzima zikila gesi. Pakiti ya tambi za papo kwa papo inaiva kwa dakika tatu. Daktari wa lishe akishangaa kwa nini nyumba maskini zinakula tambi na dagaa wa kopo wakati mboga zimejaa sokoni, ahesabu gesi na aangalie saa.

Na ni mikono ya nani? Katika nyumba nyingi, mama hayupo. Yuko Doha, Muscat au Riyadh, akimpikia mtoto wa mtu mwingine, mara nyingi bega kwa bega na Mkenya au Mganda aliyewaacha wake kwa njia hiyohiyo. Fedha anazotuma ndizo zinazonunua zile choroko. Anayezichambua ni bibi, mwenye umri wa kupikiwa. Hakuna mahali popote kwenye peso 64 ambapo mgongo wake umehesabiwa.

Wapo watakaojibu kwamba watu walime bustani. Hoja hii ni ya zamani. Kuna wimbo wa watoto ambao kila Mfilipino anaujua, Bahay Kubo, unaotaja mimea 18 iliyozunguka kibanda kimoja cha majani, kuanzia biringanya na karanga hadi ufuta. Miaka ya 1970 Imelda Marcos, mke wa rais wa wakati huo, aliendesha kampeni ya kupanda mboga uani. Siku hizi wizara ya elimu ina mpango wa bustani za shule, na huo ni mzuri, nauunga mkono, hasa pale mavuno yanapoishia kwenye sahani za watoto. Lakini jiji la Manila lenyewe lina zaidi ya watu 43,000 kwa kila kilomita ya mraba. Kibanda cha Tondo, mtaa wa jiji hilo, kimezungukwa na vibanda vingine. Ukipata ndoo mbili za udongo dirishani utapata pilipili na majani machache ya matembele, mambo ya kufurahisha jioni, na hutamlisha mtu.

Kilichowahi kufanya kazi mjini ni kingine. Tarehe 14 Aprili 2021, katikati ya vizuizi vya korona, mwanamke kijana aitwaye Ana Patricia Non aliweka mkokoteni wa mianzi kwenye mtaa wa Maginhawa, Quezon City, wenye mchele, mboga na vyakula vya kopo, na kibao kikiwaambia watu watoe wanachoweza na wachukue wanachohitaji. Katika siku chache mikokoteni kama hiyo ilienea nchi nzima. Watu walipanga foleni ndefu kwa ajili ya boga na mafungu ya sitaw, na wengi walichukua kidogo, wakamwachia anayefuata. Badala ya pongezi, vyombo vya usalama vikaanza kuuliza ni nani yuko nyuma yake, na waandaaji wakahusishwa na wakomunisti. Mtu anayegawa karela barabarani alionekana tishio. Nadhani kilichoogopesha ni ile foleni, ambayo iliwaonyesha wapita njia wote kwamba sufuria nyingi zilikuwa tupu.

Novemba 2025 tukarudi palepale. Waziri wa biashara, Cristina Roque, alisema peso 500 zinatosha familia ya watu wanne kula mkesha wa Krismasi, mlo ambao hata nyumba maskini hujinyima mwaka mzima ili uwe na nyama. Zogo likazuka upya, na hesabu zikaanza tena, kopo kwa kopo. Wapishi wa nyumba kubwa wakajikuta tena wakitakiwa kuthibitisha kwamba wanashindwa, wakati kazi yao ya kila siku ni kutoshindwa.

Kipimo cha ufukara kikitazamwa upya, kama Balisacan alivyokubali, ningependa waanzie pasipoandikwa. Mtungi wa gesi wa kilo 11 unaisha baada ya sufuria ngapi za choroko? Nauli ya Balintawak, kwenda na kurudi na mizigo, ni kiasi gani? Fungu la jioni lililonyauka linauzwaje, ilhali nusu yake inatupwa? Saa za bibi mbele ya tawi la mlonge zilipwe kwa kima cha chini kilekile cha peso 645, tuone sahani inagharimu nini. Na mbali na kipimo, maghala ya baridi yajengwe yawe mikononi mwa wakulima wa Bongabon wenyewe, ili kitunguu kisiuzwe kwa hasara wakati wa mavuno na kwa bei ya dhahabu wakati wa Krismasi. Kwenye kipimo chenyewe, bei ya choroko iwe ya mwisho kuandikwa.